Kabla Gia Boksi Haijashushwa: Kupima na Kubadili Toki Konvata

Gari la otomatiki likianza kutetemeka barabarani au kuvuta kwa shida mlimani, katika gereji nyingi jibu huja haraka: gia boksi imekufa, tafuta nyingine. Mwenye gari hujikamua akanunua gia boksi nzima ya mtumba, na mara nyingine mtetemo unarudi kabla hajamaliza kulipa deni. Huenda kilichoharibika kilikuwa kifaa kimoja tu kinachokaa kati ya injini na gia boksi, yaani toki konvata. Huenda pia hata hicho kilikuwa kizima, na ugonjwa ulikuwa oili chafu au plagi zilizochoka.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayesimama karibu na fundi wake akitaka kujua kinachofanyika, na wa fundi kijana anayetaka kuifanya kazi hii bila kuvunja pampu. Shina lake ni moja: gia boksi isishushwe mpaka vipimo rahisi vimekwisha vyote, na ikishashushwa, kazi isifanywe nusunusu.

Konvata hufanya nini

Gari la gia za mkono lina klachi unayoikanyaga ili injini iendelee kuzunguka huku matairi yamesimama. Katika otomatiki kazi hiyo hufanywa na konvata. Ni chombo cha chuma cha mviringo, kimechomelewa pande zote na kujazwa oili ya gia, ile ambayo mafundi wengi huiita haidroliki. Ndani yake mna magurudumu matatu yenye mapanga. La kwanza limeshikamana na ganda la nje, na ganda hilo limefungwa kwa bolti kwenye flaiwili ya injini. Likizunguka husukuma oili. La pili hupigwa na oili hiyo na kuzungusha shafti inayoingia gia boksi. La tatu, steta, limekaa katikati na kazi yake ni kuigeuza oili inayorudi ili isaidie mzunguko badala ya kuupinga. Kwa sababu ya steta, gari linapoondoka hupata nguvu ya kuzungusha inayokaribia mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini.

Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyepata hati miliki ya wazo hili mwaka 1905, akiwa na meli akilini. Ubunifu wake una gharama moja ambayo haikwepeki. Gurudumu la pili huchelewa kidogo nyuma ya la kwanza, na tofauti hiyo ya mzunguko hugeuka kuwa joto kwenye oili. Ndiyo maana konvata za miongo ya karibuni zimeongezewa klachi ya ndani, loki-apu. Gari likishapata moto na kushika mwendo, kompyuta hufungua njia ya oili, klachi hubana kwenye ganda, na injini na shafti vikazunguka kwa kasi ileile.

Ukilielewa hilo utajua kwa nini barabara zetu huzitesa konvata. Ukipanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori lenye mzigo, mwendo ni mdogo mno kwa loki-apu kufunga, kwa hiyo muda wote oili inachemka. Kwenye foleni ni hivyo hivyo. Ukipita kijiji baada ya kijiji chenye kibao cha 50, unashuka na kupanda katika mwendo uleule ambao magari mengi hufunga na kufungua loki-apu, na klachi hiyo hufanya kazi mara nyingi kuliko katika barabara iliyonyooka bila vijiji.

Kabla hujaendelea, hakikisha gari lako lina kifaa hiki. Otomatiki za kawaida zinacho, na CVT nyingi, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua, zinacho pia. Toyota Prius na Aqua hazina, kwa kuwa mfumo wao wa umeme na injini hauhitaji konvata.

Dalili na maana zake

Mtetemo katika mwendo wa wastani. Hii ndiyo dalili kubwa ya loki-apu inayoteleza. Uko kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, umekanyaga mafuta kidogo tu, na gari linatikisika kwa sekunde chache kama linapita juu ya rasta za barabarani, kisha linatulia. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu mtetemo unapotea, maana kompyuta imeachia loki-apu au imerudisha gia.

Injini kuzima unaposimama. Loki-apu imebaki imefunga. Matairi yanaposimama yanaisimamisha injini pia. Chanzo chaweza kuwa klachi yenyewe, lakini mara nyingi ni solenoidi au valvu iliyoganda ndani ya valvu bodi, sehemu inayogawa oili ndani ya gia boksi.

Gari zito kuondoka, zuri likishakolea. Beringi ya upande mmoja iliyo ndani ya steta imeacha kushika. Kinyume chake nacho kipo: gari linaondoka vizuri, lakini likikolea linagoma kuongeza mwendo na oili inapata moto kupita kiasi. Hapo steta imeganda, haizunguki kabisa.

Mluzi au mkwaruzo. Sikiliza gari likiwa limesimama, breki imekanyagwa, gia ikiwa D. Kisha rudisha N. Sauti ikitokea D na kupungua ukiingiza N, shuku beringi za ndani ya konvata, kwa sababu katika D gurudumu la pili limesimama huku ganda linazunguka, na katika N vyote huzunguka pamoja. Mluzi unaosikika katika gia zote na kupanda pamoja na injini huelekeza kwenye pampu au filta iliyoziba. Mgongano wa chuma kwa chuma injini ikiwa sailensa, yaani mzunguko wa chini, waweza kuwa bolti zilizolegea au flaiwili iliyopasuka.

Oili kudondoka pale injini na gia boksi zinapokutana. Sili ya mbele imechoka, au shingo ya konvata imelika. Hakikisha kwanza kwamba si oili ya injini inayoshuka kutoka sili ya nyuma ya krenki.

Vipimo kwa mpangilio

Anza na oili. Simamisha gari mahali tambarare likiwa limepata moto. Toyota nyingi zenye kijiti hupimwa injini ikiwa inaunguruma, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda nyingi hupimwa baada ya kuzima injini, ndani ya dakika moja na nusu. Gari lisilo na kijiti hupimwa kwa bolti ya chini na katika joto maalum lililotajwa na mtengenezaji, kazi inayohitaji mashine ya kusomea joto hilo. Paka oili kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu safi ni nzuri. Kahawia nzito yenye harufu ya kuungua inaonyesha kwamba klachi zimepata moto. Chembe zinazong'aa ni chuma. Oili ya rangi ya maziwa ya pinki ni dharura: rejeta imetoboka ndani, maji yameingia kwenye gia boksi, na usiendeshe tena, kwa sababu maji hubandua vitambaa vya klachi.

Uliza pia oili iliyomo ni ya aina gani. Gari linalotaka Toyota WS halipewi oili yoyote iliyo nyekundu, na CVT ina oili yake peke yake. Oili isiyofaa inatosha kuleta mtetemo wa loki-apu. Kama oili ni chafu lakini haina chuma, ibadilishe kwanza kwa aina sahihi. Kumbuka kwamba ukifungua bolti ya sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi, hutoa sehemu tu. Nyingine hubaki ndani ya konvata. Rudia baada ya siku chache za kuendesha, mara mbili au tatu. Mtetemo mchanga mara nyingi huishia hapo, bila spana nyingine kuguswa.

Pili, ondoa wanaosingiziwa. Plagi iliyochoka au koili mbovu huifanya injini imisi, na misi chini ya mzigo hufanana sana na mtetemo wa konvata. Mauntingi za injini zilizokatika nazo hutikisa gari zima, hasa ukiingiza D. Draivu shafti iliyolika hutetemesha unapoongeza mwendo. Kagua vyote hivi, kwa kuwa havihitaji gia boksi ishuke.

Tatu, gusa breki. Ukiwa kwenye barabara tulivu, na gari likiwa katikati ya mtetemo, shikilia mafuta palepale, kisha gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto, kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma bila kupunguza mwendo. Kompyuta ikiona swichi ya breki imewaka huachia loki-apu. Mshale wa mizunguko utapanda kidogo. Mtetemo ukikatika papo hapo, umeikamata loki-apu. Ukiendelea vilevile, rudi kwenye plagi, koili na mauntingi. Mtu wa pili akae pembeni atazame mshale, ili wewe macho yako yabaki barabarani.

Nne, mashine ya kompyuta. Namba za hitilafu P0740 hadi P0744 zote zinahusu loki-apu. P0740 na P0743 huelekeza zaidi kwenye umeme wake: waya, soketi, solenoidi. P0741 inasema loki-apu haifungi inavyotakiwa, na P0742 kwamba haiachii. Hakuna hata moja inayosema "badili konvata". Fundi makini huenda mbele akasoma takwimu hai: kasi ya injini na kasi ya shafti inayoingia gia boksi. Loki-apu ikiwa imefunga kabisa, namba hizo mbili hukaribiana sana. Kompyuta ikiamuru ifunge na tofauti ikabaki kubwa au ikawa inapandashuka, basi ama klachi inateleza ama presha ya oili haifiki. Solenoidi na valvu bodi hupimwa hapo, kabla ya hukumu.

Tano, kipimo cha kuikaba injini. Hiki ni cha fundi, tena baada ya vingine vyote. Oili iwe na moto wa kawaida, magurudumu yawekewe vizuizi, hendibreki ivutwe, breki ikanyagwe mpaka mwisho, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Ingiza D, kanyaga mafuta yote, soma mzunguko, achia. Usizidishe sekunde 5, na kabla ya kurudia iache injini ikiunguruma katika N kwa dakika moja au zaidi ili oili ipoe. Linganisha na namba ya mtengenezaji. Mzunguko ukiwa chini kidogo, injini ni dhaifu. Ukiwa chini kwa zaidi ya mizunguko 600 kwa dakika, Toyota yenyewe huelekeza kwenye konvata, hasa steta yake. Ukiwa juu, klachi za gia boksi zinateleza au presha ni ndogo. Usikifanye kwenye CVT, wala kwenye gari ambalo oili yake tayari inanuka kuungua.

Kununua

Magari mawili ya jina moja yanaweza kuwa na konvata tofauti kwa sababu ya ukubwa wa injini au mwaka. Kwenye Toyota, tafuta kibati cha utambulisho chini ya boneti au kwenye mlango; mstari wa gia boksi una kodi, kwa mfano U340E. Nenda dukani na kodi hiyo, si na jina la gari peke yake, iwe ni Ilala jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala.

Konvata mpya au iliyofufuliwa na karakana yenye mashine ndiyo bora. Kuifufua ni kuikata kwenye leithi, kubadili klachi na beringi, kuichomelea upya, kupima kama inavuja na kuisawazisha mzunguko. Haifanyiki kwa gurudumu la kukatia na welding ya mtaani. Ukilazimika kuchukua ya mtumba, mimina oili iliyomo kwenye chombo cheupe uikague. Pitisha kucha kwenye shingo yake: kucha ikikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja. Tazama kama imegeuka rangi ya bluu, alama ya moto mkali. Ingiza koleo refu la saklipu ndani, shika meno ya steta ujaribu kuizungusha: ikubali upande mmoja na ikatae mwingine. Ikizunguka pande zote mbili, iache.

Nunua pia sili mpya ya mbele, filta na gasketi ya sampo, na oili ya kutosha ya aina sahihi.

Kushusha

Nachukulia mfano wa gari dogo linalovutwa na matairi ya mbele, kwa kuwa ndiyo mengi mitaani. Lipandishwe kwenye lifti au likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini. Toa waya hasi wa betri. Mwaga oili baada ya kupoa. Toa draivu shafti, kebo ya selekta, soketi za umeme, mipira ya oili inayokwenda rejeta, na stata. Shikilia injini kwa nguzo ya juu, kwa kuwa mauntingi ya upande wa gia boksi itatoka.

Sasa fungua bolti za konvata kupitia tundu la stata au kifuniko cha chini. Toyota nyingi ndogo zina 6. Zungusha injini kwa bolti ya puli ya krenki, upande ule inaozunguka ikiwaka, ili bolti zije moja moja. Zihesabu na uzitenge. Kisha fungua bolti zinazounganisha injini na gia boksi, weka jeki ya gia boksi chini, na uivute ikiwa imenyooka. Konvata itoke pamoja na gia boksi, ikiegemea humo. Ikibaki imening'inia kwenye flaiwili, au gia boksi ikiachwa ilale na uzito wake juu ya konvata, shingo hukwaruza bushi ya pampu, na kazi ya sili inageuka kazi ya pampu.

Hapo chini kagua vitu vinne: flaiwili kama ina mipasuko kuzunguka matundu ya bolti na meno yaliyolika, sili ya nyuma ya krenki, bushi ya pampu, na pini mbili za kuoanisha injini na gia boksi. Pini ikikosekana, konvata mpya itazunguka ikiwa imepinda na kuua sili upesi.

Kama oili ilikuwa na chuma, usifunge konvata mpya bado. Mipira na kipozeo cha oili ndani ya rejeta vimebeba uchafu uleule. Visafishwe kwa dawa na hewa, na kipozeo kilichoziba kibadilishwe. Chuma kikiwa kingi, gia boksi yenyewe ifunguliwe.

Kurudisha: hapa ndipo pampu huvunjwa

Weka konvata mpya na ya zamani sambamba. Linganisha kipenyo, urefu wa shingo, meno, nafasi za bolti, na ncha ya katikati inayoingia kwenye krenki. Piga sili mpya ikae sawasawa, ipake oili ya gia, upake na shingo. Mimina kiasi cha lita moja ya oili ndani ya konvata kabla ya kuiingiza, ili isianze kuzunguka ikiwa kavu.

Ishike kwa mikono miwili, isukume taratibu huku ukiizungusha kulia na kushoto. Itaingia kwa ngazi: kwanza meno ya shafti, kisha meno ya steta, mwisho zile nafasi mbili zinazozungusha pampu. Kila ngazi utaisikia ikidondoka ndani na kuihisi viganjani. Mafundi wengi hukosea kwa kutosheka na ya pili. Kwa macho konvata inaonekana imekaa, lakini bado iko nje kwa kiasi cha unene wa kidole.

Kwa hiyo pima. Laza rula ya chuma ikikatiza mdomo wa gia boksi, kisha pima kina kutoka kwenye rula hadi kwenye kituo cha bolti cha konvata. Namba inayotakiwa imo kwenye kitabu cha gia boksi hiyo. Kina kikiwa pungufu, itoe uanze upya.

Inua gia boksi, ifikishe kwenye pini, na isukume kwa mkono mpaka midomo miwili ikutane pande zote. Ikibaki nafasi, usiivute kwa bolti. Nafasi hiyo ni konvata isiyokaa, na ukikaza bolti unaiponda pampu. Ikishakutana, konvata ibaki huru: uweze kuizungusha kwa kidole na kuivuta mbele milimita chache hadi iguse flaiwili. Isipozunguka, simama, ishushe tena.

Anza bolti zote za konvata kwa mkono, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo kama kitabu kinavyosema. Baadhi ya Toyota zina bolti moja yenye rangi tofauti, nayo hufungwa ya kwanza ili kulenga nyingine. Tumia bolti zilezile za kwake; ndefu zaidi huingia mpaka ndani na kuchoma ganda la konvata. Rudisha vilivyobaki kwa mpangilio wa kinyume.

Kuwasha na kujaribu

Jaza oili, washa injini, iache iungurume bila kukanyaga mafuta. Konvata inapojaa kiwango hushuka, kwa hiyo ongeza. Pitisha kila gia kwa sekunde chache ukiwa umekanyaga breki, kisha pima tena oili ikiwa na moto. Kagua mivujo. Kama gari linaruhusu, fundi afute kwa mashine kumbukumbu ya gia ambayo kompyuta ilijifunza katika konvata mbovu, la sivyo gia zinaweza kugonga siku za mwanzo.

Kabla hujalipa, endesha mwenyewe. Rudia kipimo cha kugusa breki katika mwendo uleule uliokuwa unatetemeka: mshale upande, gari libaki tulivu. Panda mlima mmoja. Omba uonyeshwe konvata ya zamani, sili ya zamani na makopo ya oili iliyotumika. Rudi gereji baada ya kilomita 500 au hivi, gari likaguliwe chini kwa mivujo na oili ipimwe.

Kuanzia hapo, kwa gari linaloishi kwenye foleni na milima, kubadili oili ya gia kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ulichotoka kulipa. Andika kilomita, tarehe na aina ya oili kwenye karatasi, uibandike chini ya boneti, ili fundi atakayefuata asianze kwa kubahatisha.